Mto Mubuku wa Rwenzori: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wanaojiandaa kupanda Rwenzori, kwa wanafunzi wa jiografia, na kwa yeyote anayekaa ukingoni mwa mto huu au mto mwingine wa mlima na kutaka kuelewa maji yake yanatoka wapi. Mubuku unazungumziwa sana kwa sababu ya barafu iliyo juu yake. Tutaieleza barafu, lakini majibu mengi hapa yatakurudisha kwenye mvua, vinamasi na misitu iliyo chini yake, maana huko ndiko mto unakotengenezwa.

Mto Mubuku uko wapi?

Uko magharibi mwa Uganda, wilaya ya Kasese, upande wa mashariki wa milima ya Rwenzori. Unaanzia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, katika mabonde yaliyo kati ya vilele virefu kuliko vyote vya Uganda, kisha unashuka kuelekea kusini-mashariki hadi Ziwa George. Ukipiga mstari ulionyooka kutoka vileleni mpaka ziwani haufiki kilomita 60. Kwa umbali huo mfupi maji yanashuka zaidi ya mita 3,000. Kumbuka tarakimu hizo mbili, kwa sababu tabia nyingi za mto huu, kasi yake, mawe yake, mafuriko yake na umeme wake, zinatokana nazo.

Jambo jingine linalowashangaza wageni ni ikweta. Kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, kiko chini ya kilomita 50 kaskazini mwa mstari wa ikweta, na Ziwa George lenyewe limekatwa na mstari huo.

Ni Mubuku au Mobuku?

Utaona yote mawili. Ramani na ripoti za zamani, pamoja na majina ya baadhi ya mitambo ya umeme, huandika Mobuku. Siku hizi Mubuku ndiyo imezoeleka zaidi. Ni mto uleule.

Rwenzori ni volkano, kama Kilimanjaro?

Hapana, na tofauti hii inafaa kueleweka vizuri. Kilimanjaro, Kenya, Elgon na Virunga ilijengwa na moto wa ardhini: lava na majivu vilirundikana juu ya uwanda mpaka mlima ukapatikana. Rwenzori ni pande la miamba ya kale sana lililosukumwa juu kati ya nyufa za Bonde la Ufa la magharibi. Ardhi ilipopasuka na kuachana, sehemu nyingine zilididimia zikawa mabonde na maziwa, na pande hili likainuka. Ndiyo maana si mlima mmoja wenye umbo la koni. Ni safu yenye urefu wa takribani kilomita 120, na juu yake kuna milima sita inayosimama kila mmoja peke yake: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia.

Kwa mto, hili lina maana kubwa. Kwenye volkano changa maji mengi huzama katika lava yenye matundu na kuibuka kama chemchemi huko chini kabisa. Anayeijua Moshi anazijua chemchemi hizo. Miamba ya Rwenzori kwa sehemu kubwa ni migumu na imeshikana, kwa hiyo maji hayana pa kuzama sana. Yanabaki juu ya mwamba, ndani ya udongo na mimea, na kutoka hapo yanaingia mtoni.

Ardhi hii bado inasogea. Tetemeko la Machi 1966 na lile la Februari 1994, yote mawili katika ukanda huu wa Toro, yanakumbukwa mpaka leo na wazee wa Kasese na Fort Portal.

Chanzo hasa ni kipi: Mubuku au Bujuku?

Swali hili linaulizwa na karibu kila anayeitazama ramani, kwa sababu matawi ni mawili na yote yana haki ya kuitwa chanzo.

Tawi la kwanza ni Bujuku. Linatoka Ziwa Bujuku, lililo karibu na mita 3,900 juu ya usawa wa bahari, katikati ya milima mitatu mirefu kuliko yote: Stanley upande wa magharibi, Speke upande wa kaskazini, Baker upande wa kusini. Maji ya barafu za milima hiyo, kwa sehemu, yamekuwa yakielekea hapo. Kutoka ziwani mto unapita kwenye vinamasi vya Bigo, unashuka pembeni mwa kibanda cha wapandaji cha John Matte, kisha unaingia kwenye korongo la msitu.

Tawi la pili ndilo linaloitwa Mubuku tangu juu. Hili linaanzia kati ya Baker na Luigi di Savoia, chini ya kipito cha Freshfield chenye mita 4,282. Linapita chini ya mapango ya Bujongolo na Kabamba, linapita kibanda cha Guy Yeoman na mahali paitwapo Kichuchu, na kukutana na Bujuku karibu na daraja la Kurt Schäfer, chini kidogo ya kibanda cha Nyabitaba.

Kwa hiyo anayezunguka njia ile maarufu ya kati kwa siku saba hivi hupanda akifuata Bujuku na kurudi akifuata Mubuku. Ukiuliza maoni yetu, mabonde haya mawili yahesabiwe kuwa vyanzo viwili vya mto mmoja. Kuchagua kimoja na kukiita chanzo halisi hakumsaidii mtu kuuelewa mto.

Kwa nini bonde la juu ni pana na la chini ni jembamba?

Kwa sababu vilichimbwa na zana mbili tofauti. Bonde la juu lilichimbwa na barafu. Katika kipindi cha baridi kali, zaidi ya miaka 20,000 iliyopita, barafu ilijaa mabonde haya na kuteremka mpaka karibu mita 2,000, yaani chini kabisa ya mahali ambapo leo kuna msitu mnene. Barafu inayotembea hukwangua sakafu na kuta pamoja, na huacha bonde pana lenye kuta zilizosimama na sakafu iliyo karibu tambarare. Sakafu hizo tambarare ndizo zinazotuama maji na kuwa vinamasi. Vizingiti vya miamba vilivyoachwa kati ya ngazi moja na nyingine ndivyo vilivyo na maporomoko ya maji.

Pembeni mwa bonde barafu iliacha matuta makubwa ya mawe na udongo, yanayoitwa moreni. Tuta refu unalopanda kuelekea Nyabitaba ni mojawapo. Ziwa Mahoma, karibu mita 2,960, limezuiwa na moreni za namna hiyo. Ukisimama Nyabitaba na kutazama makorongo pande zote mbili unaweza kuona kwa macho yako barafu hiyo ilikuwa nene kiasi gani.

Chini ya hapo kazi imefanywa na maji peke yake, na maji hukata kwenda chini zaidi kuliko pembeni. Ndiyo maana bonde linabana.

Je, maji ya Mubuku yanatokana na barafu inayoyeyuka?

Kwa kiasi kidogo sana. Hili ndilo jambo ambalo tungependa kila msomaji aondoke nalo, kwa sababu kinyume chake kimesemwa mara nyingi mno mashuleni na hata kwenye vyombo vya habari.

Watafiti wa masuala ya maji walipima mtiririko karibu na barafu zenyewe na pia chini ya mlima, wakati wa kiangazi mwaka 2005 na wakati wa mvua mwaka 2007, wakalinganisha na vipimo vya zamani. Walichokuta ni kwamba maji ya barafu ni chini ya asilimia 2 ya maji ya Mubuku pale unapotoka mlimani, iwe msimu wa mvua au wa kiangazi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009.

Asilimia 98 na zaidi zinatoka wapi basi? Zinatoka kwenye mvua, na zaidi ya yote mvua inayonyesha chini ya barafu, katika ukanda wa erika (kichaka ambacho huku hukua kama mti) na ukanda wa msitu, ambako hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kanda hizo mbili zinachukua zaidi ya nusu ya eneo linaloulisha mto. Huko juu mawingu hayaondoki kwa urahisi. Hata siku isiyo na mvua, ukungu unapita kwenye matawi na kuacha matone, na matone yanashuka shinani.

Kisha kuna kuhifadhi. Sakafu ya mabonde ya juu imefunikwa na mboji nzito, yaani mabaki ya mimea ambayo hayajaoza vizuri kwa sababu ya baridi na maji, na juu yake mimea midogo laini ya kijani inayoota juu ya kila kitu: mawe, vigogo, hata matawi yaliyo hai. Tabaka hilo lote hufyonza maji kama sifongo na kuyaachia polepole. Mvua ya leo usiku haiingii yote mtoni leo usiku. Sehemu yake itaonekana Bugoye, chini ya mlima, baada ya siku nyingi, wakati jua linawaka.

Kwa hiyo barafu ikiisha, mto hautakauka?

Hautakauka kwa sababu hiyo. Barafu za Rwenzori zilikuwa na eneo la takribani kilomita za mraba 6.5 mwaka 1906, wakati msafara wa Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi kutoka Italia, ulipopanda vilele vikuu na kuchora ramani. Kufikia mwaka 2003 ilibaki chini ya kilomita moja ya mraba, na imeendelea kupungua. Iliyobaki iko hasa kwenye Mlima Stanley. Joto la hewa limepanda, na barafu ndogo ya ikweta haina akiba ya kuvumilia hilo.

Kupotea kwake ni hasara kubwa. Ni hasara kwa Wakonzo, wenyeji wa mlima huu, ambao katika imani yao theluji ina mahali patakatifu. Ni hasara kwa viongozi na wapagazi wanaoishi kwa wageni wanaokuja kuiona. Na ni hasara kwa sayansi, kwa sababu barafu huhifadhi kumbukumbu ya hali ya hewa ya miaka iliyopita. Kuomboleza ni haki. Lakini anayemwambia mkulima wa Mubuku kwamba shamba lake litakauka siku barafu itakapoisha anampa hofu isiyo yake, na wakati huohuo anamficha hatari iliyo kweli: moto kwenye erika, vinamasi vinavyokanyagwa na kukaushwa, miti inayokatwa kwenye miteremko. Hivyo ndivyo vinavyoweza kuubadilisha mto katika maisha ya mtu mmoja. Joto lilelile linaloyeyusha barafu linaweza pia kubadilisha mvua na mimea ya kanda hizi, na hapo ndipo macho yanapaswa kuelekezwa.

Mimea inabadilikaje kadiri mto unavyoshuka?

Tuanze juu. Kuanzia karibu mita 4,000 kwenda juu kuna ukanda wa alpaini ya Afrika: lobelia zinazosimama wima, ndefu kuliko mtu, senesio zenye shina nene lililofunikwa na majani makavu, na nyasi za mafundo katika vinamasi. Majani hayo makavu hayadondoki kwa sababu ni nguo: yanalinda shina lisigande usiku, maana huko kila usiku ni baridi kali na kila mchana kuna jua.

Chini yake, takribani mita 3,000 hadi 4,000, ni dunia ya erika. Mahali pengine erika ni kichaka cha kufika gotini. Hapa ni miti mirefu iliyopinda, imening'iniza ndevu za kijivu, na mizizi yake imezama kwenye tabaka la kijani ambalo mguu unazama ndani yake mpaka ugokoni. Ni vigumu kutembea humo. Ni ukanda wenye thamani kuliko yote kwa mto, na wageni wengi huupita wakilalamika.

Halafu inakuja mianzi, ambayo kwenye miteremko mikali haionekani kabisa, kisha msitu wa milimani wenye miti mirefu na majani makubwa ya unyevu. Mpaka wa hifadhi uko takribani mita 1,700. Chini ya hapo ni mashamba: kahawa, migomba, mihogo, maharage.

Kuna wanyama gani mtoni na kandokando?

Msituni kuna mbega, kima na sokwe, na tembo wachache wasioonekana mara kwa mara. Kinyonga wa pembe tatu ndiye anayepigwa picha kuliko wote. Usiku pimbi hulia kutoka kwenye mapango, na sauti yake humshtua asiyemjua. Kati ya ndege, shorobo wa Rwenzori, mwenye mabawa mekundu, hapatikani popote duniani isipokuwa kwenye milima ya ukanda huu wa Bonde la Ufa la magharibi. Usitarajie makundi ya wanyama kama katika Hifadhi ya Queen Elizabeth. Huku mnyama husikika kabla ya kuonekana.

Maji ya Mubuku yanaishia wapi?

Bahari ya Mediterania, kwa njia ndefu kuliko unavyodhani.

Baada ya kutoka mlimani mto unapita Ibanda na Bugoye, unavuka barabara ya Kasese–Fort Portal karibu na mji mdogo wa Mubuku, kisha unaingia uwandani na kufika Ziwa George kupitia vinamasi vya mafunjo. Ziwa hilo lina eneo la takribani kilomita za mraba 250, lakini kina chake cha wastani ni mita mbili na nusu tu. Ziwa la kina kifupi namna hiyo huhisi haraka kila kinacholetwa na mito. Mwaka 1988 ardhi oevu ya Ziwa George iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, ya kwanza kwa Uganda, na vyanzo vyake vya juu vya Rwenzori vikafuata mwaka 2009.

Kutoka Ziwa George maji yanapita polepole katika mfereji wa asili wa Kazinga, wenye viboko wengi, mpaka Ziwa Edward. Ziwa Edward linatoa Mto Semliki, unaoingia Kongo, unazunguka Rwenzori kwa upande wa magharibi na kuelekea kaskazini hadi Ziwa Albert. Hapo ndipo yanapoungana na maji ya Nile yaliyotoka Ziwa Victoria.

Sasa tazama jambo hili. Ukisimama kwenye kipito cha Scott Elliot, chenye mita 4,372, tone linaloanguka upande wa Ziwa Bujuku litashuka mashariki, litapita George, Kazinga na Edward. Tone linaloanguka upande wa maziwa ya Kitandara litashuka magharibi kupitia mto Butahu mpaka Semliki moja kwa moja, ndani ya Kongo. Matone mawili yaliyoanguka hatua chache kutoka jingine yanaachana, yanauzunguka mlima mzima, na kukutana tena Semliki. Rwenzori yote, kila upande, ni ya Nile.

Upande wa Kongo ni hifadhi pia?

Ndiyo. Mpaka wa nchi unapita juu ya Mlima Stanley, na miteremko ya magharibi iko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Hifadhi ya upande wa Uganda ilitangazwa mwaka 1991 na kuingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1994. Kati ya 1999 na 2004 iliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya vita vya waasi vilivyokuwa vimefunga mlima. Wapandaji waliruhusiwa tena mwaka 2001.

Wakonzo wa Kasese na Wanande wa Beni na Butembo ni ndugu, lugha zao ni karibu moja, na Kiswahili kinasikika sana kwenye masoko ya mpakani kama Mpondwe. Mlima umegawanywa na ramani, lakini wenyeji wake hawajagawanyika namna hiyo.

Kwa nini mito ya Rwenzori inafurika vibaya hivi?

Rudi kwenye zile tarakimu mbili za mwanzo: kilomita chache, mita nyingi. Mvua kubwa ikinyesha juu wakati udongo umeshajaa maji, hakuna muda. Saa chache baadaye iko chini. Na haiji peke yake, kwa sababu miteremko mikali humomonyoka na kuteremsha udongo, magogo na mawe makubwa mtoni. Mara nyingine magogo na mawe huziba korongo, maji yanajikusanya nyuma yake, kisha kizuizi kinavunjika. Kinachofika kijijini hapo ni tope lenye mawe, na nguvu yake haifanani na ya maji matupu.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa jirani wa Mubuku, Mto Nyamwamba, tarehe 1 Mei 2013. Uliharibu sehemu kubwa ya Kilembe, mji wa migodi, pamoja na hospitali yake. Mwaka uliotangulia, 2012, moto ulikuwa umeteketeza erika juu kwenye miteremko, na walioyachunguza mafuriko hayo wameutaja moto huo miongoni mwa sababu, sambamba na mvua na maporomoko ya ardhi. Mei 2020 ilikuwa mbaya zaidi kwa upana wake: Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha ilivunja kingo zake katika kipindi kimoja, na watu wa Kasese wakapoteza ndugu, nyumba, mashamba na madaraja.

Tunasema hili waziwazi kwa sababu kila baada ya mafuriko huzuka maneno kwamba barafu imeyeyuka ghafla. Ukiangalia udogo wa barafu iliyobaki, hesabu haikubali. Mafuriko ni mvua, mteremko, na hali ya ardhi ambayo mvua hiyo imeikuta.

Baada ya mafuriko serikali na wananchi huchimba mawe na kuyatoa mtoni kwa mitambo. Inasaidia kwa muda. Mto wa mlimani utaleta mengine, kwa kuwa kubeba mawe ndiyo kazi yake, na pale mteremko unapolegea ghafla chini ya mlima ndipo unapoyatua. Maeneo hayo ya kutua mawe yana udongo mzuri, yako karibu na barabara, na watu wamejenga hapo. Anayetafuta kiwanja atazame ardhi kabla ya kununua: kama shamba limejaa mawe ya mviringo mbali na mto, mto ulishawahi kupita hapo.

Sheria inasema nini kuhusu kulima kando ya mto?

Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinataka mito mikubwa iliyoorodheshwa iachiwe mita 100 kila upande, na mito mingine mita 30, kuanzia mahali maji yanapofika yakijaa. Hata ukichukua kipimo kidogo, tembea kutoka Ibanda kwenda chini uone ni wapi mita 30 hizo zipo. Hatusemi haya kumlaumu mkulima mwenye nusu eka na watoto wa kusomesha. Mwenye ardhi ndogo hawezi kuacha theluthi yake bure. Mianzi na nyasi za mifugo hushika kingo na bado humpa mtu kitu cha kuuza, na hapo ndipo fedha za miradi zingefaa kuelekezwa kabla ya vibao vya katazo.

Mto unatumiwa kwa nini huko chini?

Kwanza umeme. Mubuku una mitambo mitatu: ule wa migodi ya Kilembe wa megawati 5, ule wa kampuni ya kobalti ya Kasese wa megawati 10, na wa Bugoye wa megawati 13 uliozinduliwa mwaka 2009. Hakuna bwawa kubwa. Maji huzuiwa kidogo kwenye banio, hupitishwa mferejini kando ya mlima, kisha hushushwa kwa bomba hadi kwenye mtambo na kurudishwa mtoni. Mitambo ya namna hii haina akiba, inategemea mtiririko wa siku hiyo, kwa hiyo inategemea vinamasi vya juu kuliko wahandisi wengi wanavyokiri. Kati ya banio na mtambo mto hubaki na maji machache, na wakati wa kiangazi wanaoishi katika kipande hicho wana haki ya kuuliza wameachiwa kiasi gani.

Pili ni skimu ya umwagiliaji ya Mubuku, uwandani, inayotumia maji ya mito ya Sebwe na Mubuku. Hapo wakulima hupata mazao hata msimu ambao majirani wao wanatazama mawingu.

Mlima na mto vina maana gani kwa Wakonzo?

Katika imani ya jadi Kitasamba anakaa juu, kwenye theluji, na ndiye anayetawala mvua, uzazi na afya. Mlima hauingiwi ovyo. Kuna mahali pa kunyamaza na mahali pa kutambika kabla ya kupita. Viongozi na wapagazi wengi ni Wakonzo, na wakikuomba upunguze sauti mahali fulani, fanya hivyo. Wewe unapita siku saba, wao ni wa hapo.

Nipande mwezi gani, na je, ni salama kuvuka mto?

Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti mwanzoni, ndiyo miezi yenye mvua pungufu. Usiseme miezi ya kiangazi, kwa sababu huko juu inaweza kunyesha siku yoyote. Chukua gambuti nzuri, na jaribu kuvaa kabla ya safari. Njia nyingi za vinamasini zina mbao za kupitia. Zikanyage hizo hata kama zinateleza, maana kila hatua ya pembeni inapasua mboji iliyochukua karne kujengeka.

Kuvuka ni kwa madaraja na mahali pachache kwa kurukia mawe. Maji yakipanda na kubadilika rangi, au ukisikia mawe yakigongana chini ya maji, usivuke. Msikilize kiongozi, na subiri. Mto huu hupanda haraka na hushuka haraka pia.

Naweza kunywa maji ya mtoni?

Chemsha au yatibu, hata juu kabisa. Kuna vibanda, watu na wanyama juu yako kila mahali.

Sina nguvu wala fedha za kufika kileleni. Naweza kuuona mto?

Unaweza, na huenda ukauona vizuri kuliko anayekimbilia Margherita. Njia ya Mahoma ni mzunguko mfupi wa siku mbili au tatu kutoka Nyakalengija, kunakoanzia njia ya kupanda: unapita msituni, unafika Ziwa Mahoma juu ya moreni, na kurudi kwa upande wa bonde la Mubuku. Wasiotaka kulala mlimani wanaweza kutembea vijiji vya Ibanda na Bugoye na mwongozaji wa hapo. Ruhusa ya kuingia hifadhini hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, na ada hubadilika, kwa hiyo ulizia kwao kabla ya kufunga safari. Ukitoka Kampala, mabasi ya Kasese yanayopita Fort Portal huvuka daraja la Mubuku kabla ya kuingia mjini. Kaa dirisha la kulia, upande wa milima.